Matuta ya mboga au nyasi? Namna ya kugawa uwanja wa nyumba Nyanda za Juu Kusini

Swali huja familia ikishahamia. Mafundi wameondoka, kokoto zilizobaki zimesombwa, na mbele ya mlango umebaki uwanja mtupu ambao Januari ni tope na Agosti ni vumbi. Mmoja anakushauri upande nyasi kote, nyumba ipendeze na watoto wapate pa kuchezea. Mwingine anakwambia usipoteze ardhi, weka matuta ya mboga. Kila mmoja ana hoja yake, ila wanazungumza kana kwamba viwanja vya nyanda hizi vyote ni kimoja. Kiwanja chenye miamba cha Gangilonga, Iringa mjini, hakifanani na cha Tukuyu ambako ardhi haikai kavu muda mrefu, na cha Njombe kina baridi yake.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kabla ya kufikiria uzuri au gharama, jiulize utakuwa na maji kiasi gani mwezi wa tisa. Jibu la swali hilo ndilo ligawe uwanja. Kwa nyumba nyingi za Mbeya na Iringa, hesabu hiyo inatoa matuta machache karibu na jiko, nyasi kwa sehemu ndogo inayokanyagwa au yenye mteremko, na si kinyume chake.

Ninaposema matuta simaanishi yale ya mahindi na viazi yanayovutwa kwa jembe kila msimu. Namaanisha tuta la kudumu lililozungushiwa mbao, tofali au mawe, likajazwa udongo uliotengenezwa, likasimama juu ya ardhi kwa sentimita 20 hadi 40. Wazo lenyewe si geni kwetu. Wahehe na Wabena wamelima vinyungu mabondeni tangu zamani, wakiinua udongo wa bonde lenye unyevu ili wapate maharage, mboga na mahindi mabichi wakati wa kiangazi. Wamatengo wa Mbinga wana ngoro, mashimo yaliyozungukwa na matuta kwenye miteremko mikali, yanayoyazuia maji ya mvua yasiteremke na udongo. Tofauti ni kwamba sasa tuta tunalileta mlangoni, mbali na mto, na hivyo tunaepuka pia kugongana na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayolinda eneo la mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji.

Hesabu ya maji

Mvua zetu ni za msimu mmoja. Zinaanza Novemba au Desemba, zinakatika Aprili au Mei, kisha inakuja miezi mitano au sita ya jua la mchana, usiku wa baridi na upepo mkavu. Bustani ya aina yoyote inapimwa katika miezi hiyo. Machi kila uwanja ni mzuri.

Nyasi zikitakiwa zibaki kijani kiangazi zinahitaji kama milimita 25 za maji kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba. Uwanja wa mita 10 kwa 10 utakunywa lita 2,500 kwa wiki. Kwa mwezi hizo ni uniti kumi kwenye mita yako ya maji. Sasa weka pembeni matuta manne, kila moja mita 1.2 kwa 2.4. Jumla yake ni mita za mraba 11 na nusu hivi. Mboga za majani zinakunywa zaidi kuliko nyasi kwa kila mita, tuseme lita 5 kwa siku, lakini kwa kuwa eneo ni dogo hesabu inaishia lita 400 kwa wiki. Ukiwa na tangi la lita 5,000 lililojazwa na mvua za mwisho kutoka kwenye bati, nyasi zitalimaliza kwa wiki mbili. Matuta yatakwenda nalo wiki 12, toka mwanzoni mwa Juni hadi mwishoni mwa Agosti.

Hata hivyo nyasi zina sifa moja ambayo chainizi haina: zinajua kulala. Ukoka ukinyimwa maji unakauka juu, mashina yaliyo chini ya udongo yanabaki hai, na mvua za kwanza zinaurudisha kijani ndani ya wiki chache. Mwenye kukubali uwanja wa rangi ya makuti toka Julai hadi Novemba hahitaji kumwaga hata ndoo moja. Chainizi ikikosa maji siku chache za Septemba inaharakisha kutoa maua, majani yanakuwa machungu, na hapo hakuna cha kuokoa. Kwa hiyo mtu asiye na uhakika wa maji kabisa, au anayesafiri wiki mbili mbili na hana wa kumwagilia, atunze nyasi na aziache zilale. Asijenge matuta manne. Ajenge moja.

Ambacho sikubaliani nacho ni uwanja mkubwa wa nyasi unaolazimishwa kuwa kijani mwaka mzima kwa mpira wa bomba, katika mtaa ambao maji yanatoka kwa zamu na jirani anapanga madumu. Hapo tunaongelea maji ya watu, na mimi siwezi kuyaita mapambo.

Matuta nayo yana udhaifu wao katika jambo hilihili la maji. Udongo ulioinuliwa unapigwa na jua na upepo pande zote, kwa hiyo unakauka kuliko ardhi ya kawaida, na kadiri fremu inavyokuwa juu ndivyo inavyokauka. Ndiyo maana sipendi kuona fremu ya sentimita 40 Iringa mjini, na kuelekea Isimani kwenye ukame zaidi ndiyo kabisa. Kwa sehemu hizo fanya fremu fupi, sentimita 15 tu, kisha chimba ndani yake kwenda chini sentimita 20 na ujaze udongo mzuri. Mizizi inapata kina kilekile, ila inakaa kwenye ubaridi wa ardhi. Tukuyu na Kiwira mambo yanageuka. Wilaya ya Rungwe ina sehemu zinazopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na adui wa mboga huko ni mizizi kuoza. Huko inua sentimita 30 au zaidi, na usizibe chini.

Popote ulipo, tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 juu ya tuta. Tuta lisilo na matandazo mwezi wa tisa ni kazi ya kumwagilia asubuhi na jioni.

Mbao, tofali au mawe

Hapa matuta ndiyo yanayogharimu, na nyasi zinashinda waziwazi. Ukoka utaupata kwa jirani bure, unahitaji jembe na siku mbili za mgongo. Matuta yanataka fremu na yanataka udongo.

Bahati yetu ni mbao. Kati ya Mafinga na Njombe kuna mashamba makubwa ya mipaina, likiwemo la Sao Hill, na mbao zake zinauzwa kila mji wa nyanda hizi. Ubao wa futi 12 ukikatwa futi 8 na futi 4 unatoa upande mmoja mrefu na mmoja mfupi wa tuta la mita 2.4 kwa 1.2, na hakuna kipande kinachotupwa. Mbao mbili zinazungusha tuta mara moja. Ukitumia mbao za moja kwa sita, raundi mbili, yaani mbao nne, unapata kimo cha karibu sentimita 30. Ongeza vigingi vya mbili kwa mbili kwenye pembe na katikati ya pande ndefu, maana udongo uliolowa unasukuma ubao wa inchi moja mpaka unatoka tumbo. Upana usizidi mita 1.2. Mkono wa mtu mzima unafika katikati kutoka upande wowote bila kukanyaga udongo, na tuta lisilokanyagwa ndilo lenye faida yote.

Paina mbichi isiyotiwa dawa, ikigusana na udongo wenye unyevu, isitarajiwe kuishi zaidi ya misimu miwili au mitatu. Mchwa ataanza, kuvu atamalizia. Ndiyo maana wengi wanapaka oili chafu ya gari. Kwa nguzo za uzio sawa, lakini kwa fremu ya mboga tafadhali usifanye hivyo. Oili iliyotoka kwenye injini ina mabaki ya metali na kemikali zinazoingia kwenye udongo, na huo ndio udongo unaotaka kumlisha mtoto. Nguzo za kijani zilizotiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki nazo ziache kwa kazi nyingine. Mtu asiye na uwezo wa mbao nzuri achukue mabanzi kwenye viwanda vya kupasulia, ajue tu kwamba atayabadilisha mapema.

Kama nyumba ni yako na huhami, jenga kwa tofali za kuchoma zilizobaki au kwa mawe. Iringa mawe hayanunuliwi mbali, na tuta la mawe makavu yaliyopangwa vizuri halina cha kuoza. Mpangaji afunge mbao kwa skrubu badala ya misumari: siku ya kuhama anafungua fremu, anaondoka nayo, na udongo anautandaza. Nyasi ulizopanda kwenye nyumba ya kupanga zinabaki kwa mwenye nyumba.

Udongo wa kujaza

Watu wengi hukata tamaa wanapofika hapa, kwa sababu tuta moja la vipimo nilivyotaja, lenye kina cha sentimita 30, linameza karibu lita 860. Kwa toroli la lita 60 ni safari 14 au 15. Mara nne. Kabla hujaanza kubomoa mfuko, angalia kilicho karibu.

Mchanganyiko ninaoupendekeza ni sehemu mbili za udongo wa juu kwa sehemu moja ya samadi iliyooza au mboji. Iliyooza ni ile isiyonuka na isiyo na joto ukiingiza mkono. Samadi ya kuku ikiwekwa mbichi inaunguza miche. Udongo wa Mbeya, Uyole na Rungwe una asili ya volkano, ni mwepesi, na mara nyingi hauhitaji mchanga. Udongo mwekundu wa mfinyanzi wa Iringa unashikana na kupasuka, huo unataka mboji zaidi na mchanga kidogo wa mto. Pumba za mpunga kutoka Mbarali au Kyela, zikiunguzwa nusu mpaka ziwe nyeusi, zinafungua udongo mzito vizuri sana.

Tahadhari na maranda. Mafinga na Makambako yamejaa, ni ya bure, na yanashawishi. Maranda mabichi yakichanganywa ndani ya udongo yanaanza kuoza, na vijidudu vinavyoyaozesha vinanyang'anya mboga naitrojeni, majani yanakuwa ya njano na mkulima anadhani ni ugonjwa. Yaweke kwenye njia kati ya matuta, huko yanazuia tope na magugu. Ndani ya tuta yaingie baada ya kuozeshwa na samadi kwa mwaka mzima.

Chini kabisa, kabla ya kujaza, fyeka majani, legeza ardhi kwa jembe uma, kisha tandaza katoni zilizoondolewa gundi ya plastiki. Katoni zinaua nyasi zilizopo na zenyewe zinaoza.

Nyasi zenyewe, zipi na kwa kazi gani

Hapa nitakuwa mfupi, maana nyasi hazina mengi. Ukoka una majani membamba, unavumilia jua na kukanyagwa, na unafaa Iringa mjini na Mbeya kwenye sehemu kavu. Nyasi za kikuyu ni za nyanda za juu kwa asili, zinapenda ubaridi wa kuanzia mita 1,500 na kuendelea, zinafunika haraka na kuwa nene kama godoro. Zinapendeza kuliko ukoka na zinapanda hadi kwenye ukuta usipoziangalia. Zile za Pemba zenye majani mapana ambazo watu wanaziona Dar es Salaam na kutaka kuzileta huku, kumbuka ni za pwani. Baridi ya Juni itazisononesha.

Panda mvua zikishatulia, Desemba, vipande kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20. Kata isizidi theluthi moja ya urefu kwa mara moja, na uache kimo cha sentimita 4 au 5. Wakati wa masika ni kila wiki au siku kumi, na hii ndiyo gharama ambayo wengi hawaipigii hesabu: kununua nyasi ni rahisi, kufyeka kwa slesha Februari na Machi kila wiki ni kibarua cha kudumu. Kiangazi kazi karibu inaisha. Matuta yako kinyume, yanakudai dakika chache kila siku na hayana likizo.

Kinachorudi nyumbani

Nyasi zinarudisha mambo ambayo hayapimwi kwa kilo. Vumbi haliingii sebuleni. Mtoto anaanguka bila kuchunika goti. Harusi, kipaimara, hata msiba, watu wanapata pa kukaa. Siyadharau hayo.

Lakini kuna jambo linaloniuma kuhusu mikoa yetu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ukiwa takribani asilimia 30 kwa nchi nzima, ilhali Iringa ilikuwa karibu asilimia 57 na Njombe asilimia 50. Hii ni mikoa inayolisha wengine mahindi na viazi. Sababu za udumavu ni nyingi na bustani peke yake haiwezi kuuondoa, lakini sahani yenye ugali na majani ya kijani kila siku, si siku ya soko tu, ni sehemu ya dawa. Tuta lililo hatua kumi kutoka jikoni linachumwa. Shamba lililo mbali linasubiri Jumamosi.

Matuta manne yakipangwa vizuri yanatosha mboga za nyumba ya watu watano au sita kwa sehemu kubwa ya mwaka. Sukuma wiki na spinachi zinachumwa jani kwa jani kwa miezi. Chainizi na figiri zinakuwa tayari kwa wiki tano au sita hivi, zaidi kidogo palipo na baridi. Tuta moja liwe la karoti na vitunguu, ambazo ndizo zinazofaidi kina na ulaini wa udongo, na kitunguu saumu kiingie mwishoni mwa mvua. Nyanya ziache nje ya mpango wa masika: unyevu na ubaridi wetu unaleta bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza majani na matunda, na bila dawa za mara kwa mara hutavuna kitu. Zipande kiangazi, zikipata maji chini na si juu ya majani.

Kwa Njombe na Makete, Juni na Julai kuna usiku ambao umande unaganda na asubuhi majani yameungua. Hapa tuta lina faida ambayo bustani ya wazi haina: fremu inabeba fito za kupinda na juu yake kitambaa chepesi au nailoni, unafunika jioni na kufunua jua likitoka. Nyasi zitageuka njano, zisikusumbue.

Na kuku. Kuku wa kienyeji watatu wanaweza kupekua tuta zima kabla hujamaliza chai. Hesabu ya matuta bila wavu haijakamilika, wakati nyasi na kuku wanaishi pamoja kwa amani.

Mteremko unabadilisha kila kitu

Yote niliyosema yanahusu uwanja ulio sawa. Nyumba zilizopanda chini ya mlima Loleza pale Mbeya, au kwenye vilima vya Iringa, zina hoja nyingine. Kwenye mteremko mkali nyasi zinakuja kwanza, hata kabla ya mboga, kwa sababu mvua ya Januari inayotoka kwenye bati inachimba korongo ndani ya msimu mmoja na inaelekea kwenye msingi wako au wa jirani wa chini. Mizizi ya kikuyu inashika udongo kuliko chochote utakachopanda kwa bei hiyo. Ukitaka mboga hapo, kata ngazi zinazofuata mkingamo wa mteremko, jenga ukuta wa chini wa kila tuta kwa mawe, na nafasi kati ya ngazi iwe nyasi. Fremu ya mbao iliyowekwa kuelekea chini inageuka mfereji.

Vikikaa pamoja

Wengi mtaishia kuwa na vyote viwili, na hilo ndilo ninalolipenda zaidi: majani yanayofyekwa yanakaushwa siku mbili juani na kuwa matandazo ya matuta, kwa hiyo uwanja wa mita za mraba 40 wa nyasi unalisha matuta manne bila kununua kitu. Yasitandazwe yakiwa mabichi na mazito, yanachemka na kunuka, na yasiwe yametoa mbegu.

Sharti ni mpaka. Kikuyu na ukoka vinatambaa juu na chini ya ardhi, na vikishaingia kwenye udongo laini wa tuta vitakula samadi yote na kuvitoa ni kupepeta udongo kwa vidole. Acha njia ya sentimita 60 kuzunguka matuta, ondoa nyasi zote humo, weka katoni, juu yake maranda au kokoto. Upande unaogusana na nyasi chimba mtaro mwembamba wenye kina cha sentimita 20 na upange ndani yake tofali zilizosimama. Kisha kila mwezi wakati wa mvua pita na jembe ukate vinavyovuka. Kazi hiyo inachukua muda mfupi ikifanywa kila mwezi. Ikiachwa mpaka Aprili, utalazimika kubomoa tuta na kulijaza upya.